Kabla ya riflekta, Kyumbi ilikuwa nchi ya farasi

Simama makutano ya Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapoachana na ile ya Mombasa, na macho yako yataona vizibao vya riflekta kabla ya kuziona pikipiki zenyewe. Njano, kijani, rangi ya chungwa. Vingine bado vina jina na sura ya mgombea ambaye wapiga kura walishamsahau. Saizi ni moja kwa wote: kwa mwembamba kinapepea kama bendera, kwa mnene hakifungi. Trafiki wakifanya msako, mzozo ni uleule, kizibao kipo au hakipo. Kama kinamkaa vizuri aliyekivaa, hilo halimo katika mzozo.

Sheria ya Trafiki, ilivyorekebishwa mwaka 2012, inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi lenye riflekta. Watu wa boda wengi hudhani swali la nini kimlinde aliye juu ya kipando lilianza hapo. Lilianza kabla ya lami, enzi za farasi.

Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka treni katika stesheni ya Kapiti, kwenye nyika hiihii inayoonekana ukiwa njiani kutoka Kyumbi kuelekea Konza. Alikwenda kukaa Kitanga, shamba la Sir Alfred Pease, na huko aliwinda akiwa juu ya farasi wake Tranquillity. Jirani wa Pease, Harold na Clifford Hill, walifuga mbuni huko Katelembo. Simba walipenda mbuni, kwa hiyo akina Hill wakawa mabingwa wa kuwafukuza simba kwa farasi.

Walowezi wa wakati huo walikuwa na kizibao chao cha kujikinga. Kilikuwa pedi ya flaneli iliyofungwa mgongoni, sambamba na uti wa mgongo, na kichwani chepeo kubwa. Hofu yao haikuwa simba wala kuanguka. Madaktari wao waliwaambia kwamba miale ya jua la ikweta hupenya fuvu na uti wa mgongo na kumtia Mzungu wazimu. Hebu fikiria flaneli nene mgongoni, katika jua la Ukambani! Masaisi waliowatunzia farasi, na wapagazi waliotembea siku nzima migongo wazi, walikuwa ushahidi tosha kwamba jua halitoboi uti wa mtu. Ushahidi huo haukumshughulisha yeyote.

Mwishoni mwa Januari 1911, hatari yenyewe ilijitokeza. Mgeni wa Pease safari hii alikuwa George Grey, ndugu wa Sir Edward Grey, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza. Hapa namfuata Pease, kwa kuwa alikuwepo na aliandika juu ya mkasa huo katika The Book of the Lion, kitabu kilichotoka 1913. Wakamba waliokuwepo hawakuombwa kuandika chochote.

Utaratibu wa kuwinda simba kwa farasi ulikuwa na kanuni moja kuu: mfukuze mpaka achoke na kugeuka, kisha kaa mbali, wenzako wafike. Simba aliyegeuka hula mita mia moja kwa sekunde chache, na farasi aliyesimama hawezi kuondoka kwa kasi hiyo. Grey alisogea mno. Akashuka, akafyatua bunduki yake aina ya Ross, ambayo risasi yake ndogo ilisifiwa kwa kasi. Risasi zilimpata simba lakini hazikumsimamisha. Wenzake walipommaliza mnyama, Grey alikuwa ameraruliwa vibaya. Alipelekwa Nairobi, na tarehe 3 Februari akafa, majeraha yakiwa yameoza. Dawa za kuua vijidudu mwilini zilikuwa bado miaka mingi. Ukoo huo haukuwa na bahati na wanyama wa Afrika: mwaka 1928 ndugu mwingine, Charles, aliuawa na nyati.

Pedi ya mgongoni isingemsaidia Grey kwa lolote. Ilitengenezwa kwa ajili ya adui aliyekuwa kichwani mwa madaktari.

Mashamba yale yamegawanywa, Kapiti ni ranchi ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na farasi wa mashindano wako uwanja wa Ngong Road, Nairobi, tangu 1954. Hapa Kyumbi hakuna hata kibao cha kumwonyesha msafiri kwamba mambo hayo yalitukia jirani. Ni uzembe, na si wa watu wa Kyumbi peke yao.

Kwa wapanda farasi, kizibao cha sponji ngumu cha kumkinga anayeanguka kilikuja kuwa cha lazima mbioni mwishoni mwa karne iliyopita. Hicho hakinunuliwi kwa kukisia. Hupimwa kifua, kiuno na urefu wa mgongo. Mbele kishuke chini kidogo ya mbavu, nyuma kisiguse tandiko mtu akikaa. Kibane bila kuzuia pumzi. Kikivaliwa dakika chache, sponji hupata joto la mwili na kulainika, ndipo mikanda hukazwa upya. Baadaye vikaja vizibao vya hewa, vinavyofura mara kamba iliyofungwa kwenye tandiko inapovutwa na anayeanguka. Navyo, watu wa boda mnisikilize, wapanda farasi waliviazima kwa waendesha pikipiki: Wajapani walivitengeneza kwanza kwa ajili ya pikipiki.

Riflekta ya Kyumbi haina sponji wala hewa. Kazi yake ni kumfanya dereva wa lori la Mombasa akuone usiku, basi, na hata hiyo huifanya ikiwa haijafifia kwa jua na vumbi. Pembeni ina utepe wa kukazia, ambao wengi huuacha ukining'inia karibu na gurudumu.