Bunduki Mbili za Fundi Mmoja

Wahenga walinena kuwa penye moshi hapakosi moto. Askari wa Kiafrika waliopiganishwa katika nchi yetu mwaka 1914 waliujua ukweli wa msemo huo kwa uchungu, kwani moshi wa bunduki zao wenyewe ulimwonyesha adui mahali walipojificha.

Usambara ilikuwa imezizoea bunduki tangu zamani. Pale Mazinde, jirani na Mombo, Semboja wa ukoo wa Wakilindi alijipatia magobori kwa biashara ya misafara, na kwa nguvu hiyo akashindana na enzi ya Vuga. Lakini Wajerumani walikuja na silaha za namna nyingine. Mbili kati ya hizo zilibuniwa katika mji mmoja, Oberndorf, katika karakana ya akina Mauser: moja ya mwaka 1871, nyingine ya mwaka 1898.

Zote mbili zilifungwa kwa komeo la chuma nyuma ya mtutu. Mpigaji aliliinua komeo, akalivuta, akatoa ganda la risasi iliyokwisha kupigwa, kisha akalisukuma na kulifunga tena. Kwa mbali zilifanana kama ndugu wa tumbo moja; tofauti ilionekana zilipolia. Ile ya 1871 ilitiwa risasi moja moja, nene ya milimita 11, na baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi. Ile ya 1898 ilibeba risasi tano nyembamba, na baruti yake haikutoa moshi wa kumfichua mpigaji. Komeo lake lilikuwa imara hata likaigwa na watengenezaji wa bunduki za kuwindia duniani kote.

Je, nani alipewa ipi? Vita vilipoanza mwaka 1914, miaka 16 baada ya bunduki mpya kubuniwa, kampuni nyingi za askari weusi zilikuwa bado zinabeba ile ya 1871. Mwezi Novemba mwaka huo waliteremshwa kwa reli kutoka upande wa Moshi, wakapita Mombo, ambako reli ilifika mwaka 1905, wakaenda kupigana Tanga. Walishinda, na bunduki 455 zikatekwa kwa Waingereza. Ndivyo baadhi yao walivyopata silaha bora: kwa kuzinyang'anya vitani. Nyingine zililetwa na meli iliyofika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, mwezi Aprili 1915.

Hata hivyo bunduki mpya haikuigeuza vita ile kuwa yetu. Kutoka Mombo hadi Handeni vitoroli vilisukumwa kwa mikono ya watu. Na Waingereza walipoingia Mombo mwezi Juni 1916, wao nao walitaka wapagazi. Maelfu ya watu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu bila kushika bunduki yoyote, ya zamani wala mpya.

Basi, mwanafunzi anayezilinganisha silaha hizi asitosheke na kupima mtutu na kuhesabu risasi. Aulize pia: ni nani aliyeibeba bunduki, ni nani aliyemchagulia, na vita ilipokwisha, ardhi ilibaki mikononi mwa nani? Mshenzi hakuwa yule aliyebeba gobori. Ushenzi ulikuwa kumtuma mtu kufa kwa ajili ya nchi yake iliyokwisha kunyang'anywa.