Pawa saplai ya amplifaya

Pawa saplai ya amplifaya ni sehemu inayopokea umeme wa nyumbani, kuubadilisha hadi volteji inayofaa na kuugeuza kutoka mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu. Katika vyombo vya sauti kazi haiishii hapo, kwani umeme unaotoka unapaswa pia kuwa mtulivu. Badiliko dogo la volteji likiingia katika njia ya sauti husikika kwenye spika kama mvumo au mchakacho. Saketi za mwanzo, kama zile za maikrofoni na za kuchezea santuri, huathirika zaidi, kwa sababu sauti inayoingia humo ni ya milivolti chache tu na hukuzwa pamoja na kelele iliyochanganyika nayo.

Historia

Redio nyingi za nyumbani za mwanzoni mwa miaka ya 1920 zilitumia betri, ambazo hazina mvumo. Mwaka 1925 Edward Rogers wa Toronto, Kanada, alileta redio iliyotumia umeme wa nyumbani bila betri. Vipuri viwili muhimu vya pawa saplai vilikuwa vimeshabuniwa: mhandisi Karol Pollak wa Poland alipata hataza za daraja la kunyoosha mkondo na za kapasita ya kielektroliti katika miaka ya 1890. Mwaka 1976 kampuni ya National Semiconductor ya Marekani ilitoa saketi unganifu LM317, iliyobuniwa na Bob Dobkin, ambayo hadi leo hutumiwa sana kudhibiti volteji.

Namna inavyofanya kazi

Pawa saplai ya kawaida ina hatua nne:

1. Transfoma hupunguza volteji, na kutenganisha saketi na nyaya za umeme wa nyumbani. Katika amplifaya za vali, transfoma hupandisha volteji hadi mamia ya volti.
2. Daiodi nne zilizopangwa kama daraja hunyoosha mkondo.
3. Kapasita kubwa huhifadhi chaji na kujaza mabonde kati ya kilele kimoja cha volteji na kingine.
4. Kidhibiti volteji huondoa sehemu kubwa ya viwimbi vilivyobaki.

Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda una mizunguko 50 kwa sekunde (50 Hz). Daraja la daiodi hutumia nusu zote mbili za kila mzunguko, hivyo viwimbi vinavyobaki ni vya 100 Hz. Ukubwa wake hukadiriwa kwa kugawanya mkondo kwa zao la 100 Hz na uwezo wa kapasita. Kwa mfano, mkondo wa ampea 1 na kapasita ya mikrofaradi 10,000 huacha viwimbi vya takriban volti 1. LM317 yenye kapasita ya mikrofaradi 10 kwenye mguu wake wa kurekebishia hupunguza viwimbi hivyo kwa desibeli 80 hivi, yaani mara 10,000, hadi kubaki milivolti 0.1.

Kidhibiti hufanya kazi hiyo ikiwa tu volteji inayoingia inazidi inayotoka kwa volti 3 hivi. Transfoma ya volti 15 hutoa kilele cha karibu volti 20 baada ya daiodi, kiasi kinachotosha kupata volti 12 tulivu. Umeme wa nyumbani ukishuka kwa asilimia 20, kilele hushuka hadi volti 15.6, na viwimbi vya volti 1 hukifikisha kwenye volti 14.6. Hapo kidhibiti hushindwa na mvumo huanza kupita. Ndiyo sababu amplifaya inaweza kuwa kimya mchana na kuvuma jioni, ingawa haijaharibika.

Kupunguza kelele wakati wa kutengeneza

Kuongeza kapasita maradufu hupunguza viwimbi kwa nusu, lakini hakuondoi kila mvumo. Kapasita hujazwa kwa mikupuo mifupi ya mkondo mkubwa, na kadiri ilivyo kubwa ndivyo mikupuo inavyozidi kuwa mifupi na mikali. Mikupuo hiyo ikipita kwenye waya uleule unaotumiwa na saketi ya sauti kama sifuri yake, huleta mvumo usioweza kuondolewa na kidhibiti chochote. Kwa hiyo mpangilio wa nyaya ni muhimu kama vipuri vyenyewe:

- Nyaya kati ya transfoma, daiodi na kapasita ya kwanza huwa fupi na husokotwa pamoja.
- Nyaya za sifuri za saketi za sauti hukutana mahali pamoja, baada ya kapasita na si kabla yake.
- Transfoma huwekwa mbali na saketi za mwanzo. Transfoma ya mviringo huvujisha sumaku kidogo kuliko ya umbo la mraba.

Kutafuta chanzo cha mvumo

Sauti ikipunguzwa hadi sifuri na mvumo ukabaki, chanzo kwa kawaida ni pawa saplai au saketi ya mwisho. Ukitoweka, unaingia kutoka hatua za mwanzo. Ukikoma pale waya wa chombo kingine unapochomolewa, huenda kuna kitanzi cha ethi, yaani vyombo viwili vimeunganishwa kwa ethi kupitia njia mbili.

Matunzo

Kapasita za kielektroliti hukauka polepole. Kwa makadirio ya mafundi, kila ongezeko la nyuzi 10 za joto hupunguza maisha yake kwa nusu. Dalili ni mvumo unaokua mwaka hadi mwaka, kichwa kilichovimba au majimaji yanayovuja. Kapasita mpya iwe na volteji ya kuhimili isiyopungua ile ya zamani, na miguu yake isigeuzwe, kwani ikigeuzwa inaweza kupasuka.

Usalama

Kapasita huweza kubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa. Katika amplifaya za vali chaji hiyo huweza kuua. Chaji huondolewa kupitia rezista inayofaa, si kwa bisibisi, kisha hupimwa kwa multimita kabla ya kugusa. Fyuzi haibadilishwi kwa kipande cha waya.

Baadhi ya watu hukata waya wa ethi kwenye plagi ili kunyamazisha mvumo wa kitanzi. Mvumo huweza kukoma kweli, lakini waya wa moto ukigusa kasha la chuma, kasha lote hubaki na umeme na fyuzi haikatiki. Njia salama ni kuvunja kitanzi upande wa sauti, kwa kuweka transfoma ndogo ya sauti kati ya vyombo hivyo viwili, au kuvichomeka vyote kwenye soketi moja ili kitanzi kiwe kidogo.