Askari Mlangoni: Mipaka ya Dola, Tangu Zama za Umar (r.a.) Hadi Afrika Mashariki



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, wazazi wengi huuliza: je, Muislamu akilalamikia mwenendo wa polisi anakuwa amewaasi watawala? Swali hili ni zito, kwani wapo vijana wanaoambiwa wanyamazie kila kitu, na wapo wanaoambiwa kuwa serikali yote ni adui. Tuirejee historia tuone waliotutangulia walisema nini.

KHALIFA ALIYERUKA UKUTA

Imesimuliwa kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa akizunguka Madina usiku akasikia sauti ya mtu akiimba ndani ya nyumba. Akapanda ukuta, akamkuta na mwanamke na pombe, akamkaripia. Yule mtu akajibu kuwa ikiwa yeye amemuasi Allah kwa jambo moja, basi Khalifa amemuasi kwa matatu: amepeleleza na Qur'ani imekataza (49:12), hakuingia kwa mlangoni (2:189), na hakuomba idhini wala kutoa salamu (24:27). Umar akamsamehe na kuondoka.

Wanazuoni waliipokea kisa hiki, na Imam Ghazali amekitaja katika Ihya. Tuzingatie kuwa mtu yule alikuwa na kosa kweli, lakini kosa lake halikumhalalishia mtawala kuvunja mipaka.

KITABU CHA QADHI KWA HARUN AR-RASHID

Qadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa aliyefariki mwaka 798, alimwandikia Khalifa Harun ar-Rashid kitabu kiitwacho Kitab al-Kharaj. Humo alimuonya kuwa anayetuhumiwa asipigwe, na kuwa ungamo lililotolewa kwa kipigo au vitisho halina nguvu. Tena alitaka wafungwa walishwe na kuvishwa kwa fedha za hazina, badala ya kutolewa nje na minyororo yao kuomba sadaka barabarani. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, na aliyeandikiwa ni mmoja wa watawala wenye nguvu kubwa wa zama zake.

MJADALA WA KENYA

Sasa tuje kwa jirani zetu. Agosti 7, 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa, na watu zaidi ya 200 wakauawa, Waislamu wakiwemo. Novemba 2002 hoteli ya Kikambala, kaskazini mwa Mombasa, nayo ikashambuliwa. Basi hofu ya serikali haikuwa ya kubuni.

Mwaka 2003 ukaletwa mswada wa kuzuia ugaidi. Kifungu kimoja kiligusa hata mavazi yanayozua shaka kuwa mtu ni mfuasi wa kundi la kigaidi. Mama wa Lamu au Eastleigh alijiuliza: askari atapimaje shaka hiyo kwa buibui au kanzu? Waislamu walipinga, lakini hawakuwa peke yao. Mawakili, watetezi wa haki za binadamu na wabunge wasiokuwa Waislamu walisimama nao, na mswada ule haukupita. Mwingine wa 2006 nao ulikwama. Sheria ilipatikana mwaka 2012, baada ya Katiba mpya ya 2010 iliyotaka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi ya mahakama inayofuata.

Baada ya shambulio la Westgate la 2013, Aprili 2014 polisi walifanya msako mkubwa Eastleigh. Maelfu walikamatwa, wengi wao Wasomali, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Desemba mwaka huo Bunge likapitisha sheria nyingine ya usalama, lakini Februari 23, 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walibatilisha vifungu vinane. Vilivyobaki viliendelea kutumika. Yaani mahakama haikukataa kuwa nchi ilindwe. Ilikataa kinga ya wananchi ivunjwe kwa jina la ulinzi.

NA HAPA KWETU UGANDA

Julai 11, 2010 mabomu yaliua watu zaidi ya 70 Kampala, waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Baadhi ya washukiwa waliletwa kutoka Kenya bila kupitishwa kwanza mahakamani, jambo ambalo jaji wa Nairobi alilikemea mwaka huo huo. Mei 2016 Mahakama Kuu ya Uganda iliwatia hatiani baadhi yao, na watano ikawaona hawana hatia baada ya zaidi ya miaka mitano gerezani. Familia zilizofiwa zilistahili haki. Watoto wa wale watano nao walistahili kukua na baba zao. Bila hakimu, nani angewatenganisha mwenye kosa na asiye na kosa?

TUWAFUNDISHE NINI WATOTO?

Kwanza, tusimfiche mhalifu kwa sababu anaswali nasi. Dhulma ni dhulma. Pili, kijana akikamatwa asipigane na askari. Ataje jina lake, aulize kosa lake na aombe wakili na ndugu zake wajulishwe. Tatu, wazazi wajue kuwa Katiba ya Uganda ya 1995 inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Andikeni siku, saa na kituo alichopelekwa, kwani lalamiko lisilo na tarehe ni vigumu kulifuatilia. Nne, tumtetee hata asiyekuwa wa dini yetu anapodhulumiwa, kama wengine walivyosimama na Waislamu wa Kenya mwaka 2003.

Yule mtu wa Madina hakumtukana Khalifa wala hakumnyanyulia mkono. Alimkumbusha sheria, na Khalifa akasikia. Basi kulalamika kwa haki na kwa adabu hakukuwa uasi wakati ule, na si uasi leo.

Tunamuomba Allah awaongoze viongozi wetu, awalinde vijana wetu na awape faraja waliodhulumiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.