Kalamu ya Uteuzi: Viongozi wa Vyama na Wanawake katika Majimbo ya Dar es Salaam

Wanaopinga viongozi wa vyama kuteua wanawake moja kwa moja kugombea majimbo husema kwamba kufanya hivyo ni kuwapora wajumbe wa chama haki yao ya kuchagua. Mwanamke, wanasema, aingie kwenye kura za maoni kama mtia nia mwingine yeyote, na akishindwa, viti maalum vipo. Hoja hii ina sura ya kidemokrasia, lakini imejengwa juu ya dhana isiyo sahihi: kwamba wajumbe ndio wanaoamua. Katika CCM, kura za maoni ni mapendekezo tu. Majina hupanda kutoka wilayani hadi mkoani, kisha Kamati Kuu, na neno la mwisho ni la Halmashauri Kuu ya Taifa. Katika CHADEMA, Kamati Kuu ndiyo yenye uteuzi wa wagombea ubunge. Kukatwa jina na kurudishwa jina ni msamiati wa kawaida wa kila msimu wa uchaguzi. Viongozi, basi, hawaombewi mamlaka mapya. Mamlaka wanayo, na kinachobishaniwa hapa ni kanuni ya kuyatumia.

Kuhusu viti maalum vyenyewe, watafiti hawatofautiani sana. Vimeongeza idadi: kiwango cha kikatiba kimefikia asilimia 30, na Bunge la 2020 lilitengewa viti 113 vya aina hiyo. Havijafungua majimbo: katika uchaguzi huohuo, kati ya majimbo 264, wanawake walioshinda hawakufika hata 30. Wala si viti vyenye uzito sawa. Ibara ya 51 ya Katiba inataka Waziri Mkuu atoke miongoni mwa wabunge wa majimbo, na Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, haumpi mbunge wa viti maalum hata senti ya kujengea choo cha shule. Mwananchi wa Mbagala au Bunju anayetaka darasa liezekwe anajua mlango wa kubisha, na mara nyingi si wa mbunge huyu. Ninapoachana na watafiti wenzangu ni pale wanapohitimisha kwamba dawa ni kumwezesha mwanamke apambane vizuri zaidi mbele ya wajumbe: mafunzo, semina, mtaji. Hayo ni mema, ila yanamwandaa kwa mtihani ambao msahihishaji wake yuko Dodoma.

Jimbo la Kawe, Wilaya ya Kinondoni, linaonyesha jambo hili waziwazi. Ni jimbo lililochanganyika: lina Mikocheni ya wenye nacho, na lina Mabwepande, ambako waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011 walihamishiwa. Hadi 2010 mbunge wake alikuwa Rita Mlaki wa CCM. Mwaka huo CCM ilimsimamisha Angela Kizigha, CHADEMA ikamsimamisha Halima Mdee, aliyekuwa ameingia bungeni 2005 kwa viti maalum. Mdee alishinda, akashinda tena 2015. Wapiga kura wa Kawe, basi, walikuwa tayari kupigia kura wanawake wa vyama viwili vinavyohasimiana, na mmoja wao alipanda kutoka viti maalum hadi jimboni, ngazi ambayo waasisi wa viti hivyo waliikusudia. Ikaja 2020. Katika kura za maoni za CCM, zilizokuwa na watia nia zaidi ya 100, wa kwanza alikuwa mwanamume, wa pili Kizigha, wa tatu Askofu Josephat Gwajima. Halmashauri Kuu ilimteua wa tatu. Mwaka ule mitaani ulivuma usemi kwamba wajumbe si watu wazuri. Kawe wajumbe walimweka mwanamke nafasi ya pili, na waliomruka ni wa juu yao. Sidai kwamba jinsia ndiyo iliyoamua. Chama kilitaka mtu wa kulirudisha jimbo, na kilikuwa na hesabu zake. Ninachodai ni kwamba chombo kinachoweza kumchukua wa tatu na kumwacha wa kwanza hakiwezi kusema kimefungwa mikono na demokrasia ya ndani pale kinapoombwa kumchukua mwanamke.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwanamke aliyeteuliwa na viongozi atakuwa mtumwa wa viongozi. Sakata la wabunge 19 linatajwa kama ushahidi: Novemba 2020, Mdee na wenzake 18 waliapishwa kwa viti maalum vya CHADEMA, chama kikasema hakikuwapendekeza na kikawavua uanachama, kesi ikaenda Mahakama Kuu, nao wakabaki bungeni. Lakini hilo ni pingamizi dhidi ya orodha ya viti maalum, si dhidi ya uteuzi wa jimbo. Mbunge wa viti maalum hana mpiga kura wa kumkimbilia pale karatasi yenye jina lake inapogombaniwa. Mwanamke aliyesimamishwa Temeke au Segerea, majimbo mawili pekee kati ya kumi ya Dar es Salaam ya wakati huo yaliyopata wabunge wanawake 2020, ana watu wake, hata kama naye jina lake lilirudishwa na wakubwa. Kweli, Ibara ya 71 humnyang'anya kiti kila mbunge anayepoteza uanachama, awe mwanamke au mwanamume; utegemezi huo ni wa wote.

Wapo watakaouliza kama viongozi wanaweza kuaminiwa. Novemba 2010 Kamati Kuu ya CCM ilipeleka majina matatu ya kugombea uspika, yote ya wanawake: Anne Makinda, Anna Abdallah na Kate Kamba. Uamuzi wa kikao kimoja uliipa nchi Spika mwanamke wa kwanza, jambo ambalo miaka mingi ya kuhimizana haikulileta. Ila ulikuwa uamuzi wa siku ile. Haukuandikwa popote kuwa utaratibu. Kuandika utaratibu kunawezekana: chama cha Labour cha Uingereza, nchi yenye mfumo wa majimbo kama wetu, kilitenga baadhi ya majimbo yanayoshindika kwa orodha za wanawake pekee, na 1997 wabunge wake wanawake wakafika 101. Orodha hizo zilipingwa hata kwenye baraza la mashauri ya kazi na kubatilishwa 1996, kisha sheria ikabadilishwa 2002 kuziruhusu.

Kwetu, kanuni hiyo ingepaswa kutaja majimbo, si nia. Kila chama kiandike katika katiba yake kwamba katika kila mkoa, theluthi moja ya majimbo kiliyoyashinda uchaguzi uliopita itasimamisha wanawake, na majimbo hayo yatangazwe kabla fomu hazijaanza kuchukuliwa, ili wajumbe wachague miongoni mwa wanawake na Halmashauri Kuu ikose pa kumpenyeza mwingine. Kwa matokeo ya 2020, CCM ilipochukua majimbo yote kumi ya Dar es Salaam ya wakati huo, hesabu hiyo ingekuwa majimbo yasiyopungua matatu, na hakuna sababu Kigamboni na Mbagala yasiwemo.