Red Berenson na Ukocha wa Magongo ya Barafuni katika Chuo Kikuu cha Michigan, 1984–2017

Maandishi mengi ya historia ya michezo humpima kocha kwa makombe. Kwa kipimo hicho, Gordon Berenson, ajulikanaye zaidi kwa jina la Red, alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara mbili tu katika misimu 33, na wapo wanaoona kuwa ni haba. Insha hii inashikilia kwamba kipimo hicho hakitoshi, kwani swali alilolishughulikia Berenson lilikuwa jingine: je, kijana anaweza kuwa mwanafunzi wa kweli na, wakati huohuo, mchezaji wa daraja la juu?

Swali hilo lilianzia katika maisha yake mwenyewe. Berenson alizaliwa mwaka 1939 huko Regina, Kanada, katika nchi ambamo njia iliyozoeleka ya kijana mwenye kipaji ilikuwa ligi za vijana, si darasa. Yeye alivuka mpaka kwenda kusoma Ann Arbor. Katika msimu wa 1961/62 alifunga mabao 43, na mnamo Machi 1962, mara tu msimu wa chuo ulipokwisha, akaichezea Montreal Canadiens katika ligi kuu, NHL. Leo safari ya namna hiyo haimshangazi mtu; wakati ule ilikuwa kioja. Zaidi ya hayo, akiwa tayari mchezaji wa kulipwa, alirudi Michigan kusomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara.

Alicheza hadi mwaka 1978. Tarehe 7 Novemba 1968, akiwa na St. Louis Blues, alifunga mabao sita ugenini Philadelphia. Baadaye aliifundisha timu hiyohiyo, akatunukiwa tuzo ya kocha bora wa NHL mwaka 1981, na mwaka uliofuata akaachishwa kazi. Kwa maoni ya mwandishi, tukio hili la mwisho lina uzito kuliko yale mabao sita: lilimwonesha jinsi timu za kulipwa zilivyokosa subira.

Michigan ilimpa subira hiyo. Alipokabidhiwa timu mwaka 1984, chuo kilikuwa hakijatwaa ubingwa tangu 1964, na katika misimu yake mitatu ya mwanzo timu ilifungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Katika St. Louis asingedumu. Kuanzia 1991 hadi 2012, hata hivyo, Michigan ilifuzu mashindano ya taifa kila mwaka, mara 22 mfululizo. Ubingwa ulipatikana mwaka 1996 dhidi ya Colorado College na mwaka 1998 dhidi ya Boston College, mara zote mbili kwa mabao 3–2 katika muda wa nyongeza. Mwaka 2011 fainali ya tatu iliisha kwa mabao hayohayo, pia katika muda wa nyongeza, ila safari hii washindi walikuwa Minnesota Duluth. Bao moja lingeandika historia nyingine, na hapo ndipo udhaifu wa kuhesabu makombe unapodhihirika.

Mvutano wa masomo na malipo haukuisha. Brendan Morrison, aliyefunga bao la ubingwa mwaka 1996, alirudi chuoni kwa mwaka wake wa nne. Akapata tuzo ya Hobey Baker, ya mchezaji bora wa vyuo, lakini timu ikatolewa katika nusu fainali ya 1997. Miongo miwili baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Kyle Connor aliongoza vyuo vyote kwa pointi katika msimu wa 2015/16, kisha akaondoka baada ya mwaka mmoja tu. Haifai kumlaumu kijana huyo: klabu za NHL zilikuwa na haki ya kumchagua mchezaji angali mwanafunzi, na kanuni za vyuo hazikuruhusu alipwe mshahara. Kocha aliyekuwa amethibitisha kwa mwili wake kwamba chuo kinaelekeza NHL sasa aliiona njia hiyohiyo ikiwapitisha wanafunzi wake kabla ya kuhitimu.

Berenson alistaafu Aprili 2017 akiwa na ushindi wa michezo 848. Nafasi yake ilichukuliwa na Mel Pearson, aliyekuwa msaidizi wake kwa zaidi ya miaka 20.