Hasira ya Ghafla na Hofu ya Miaka Mingi



Juma hili tuitazame historia ya jambo moja katika sheria ya jinai ya Uingereza: utetezi wa mtu aliyeua kwa kuwa alishindwa kujizuia. Utetezi huo haumwachi huru mwuaji. Hulishusha kosa lake kutoka kuua kwa kukusudia hadi kuua bila kukusudia. Zamani tofauti hiyo ilikuwa kati ya kitanzi na uhai. Tangu adhabu ya kifo kwa mauaji ilipositishwa mwaka 1965, ni kati ya kifungo cha maisha kisichoepukika na adhabu ambayo jaji anaweza kuipima.

Mwaka 1707, katika kesi ya Mawgridge, Jaji Mkuu John Holt alitaja mambo yanayoweza kuwasha hasira ya kupunguziwa kosa. Miongoni mwake ni kupigwa kwa dharau, kumwona rafiki akishambuliwa, na mume kumfumania mkewe na mwanamume mwingine. Kuhusu hilo la mwisho aliazima maneno ya Mithali sura ya 6 juu ya wivu wa mume, kisha akauita uzinzi uvamizi mkubwa kuliko wote wa mali. Mali! (Sura ile, tukiisoma kwa utulivu, humwonya mzinzi; haimpi mume ruhusa ya kumwaga damu.)

Mwaka 1949 ikaja kesi ya mwanamke, kesi ya Duffy. Alikuwa ameteswa na mumewe, akamwua kitandani baada ya ugomvi. Jaji Devlin aliwaelekeza waamuzi raia kwamba mtu sharti awe amepoteza kujizuia ghafla na kwa muda, na Mahakama ya Rufani ikauafiki mwongozo huo. Neno “ghafla” likawa mlango mwembamba. Ni nani hupiga ghafla? Ni mwenye nguvu, anayejua kwamba ngumi yake itashinda. Aliye dhaifu hunyamaza, huogopa, husubiri mpaka mtesi wake asinzie. Na kusubiri huko ndiko mahakama ilikokuita kusudi.

Ndivyo ilivyompata Kiranjit Ahluwalia. Baada ya miaka 10 ya kupigwa, usiku mmoja wa mwaka 1989 alimmwagia mumewe petroli akiwa amelala, akawasha moto. Mume alikufa siku chache baadaye, naye mke akahukumiwa kifungo cha maisha. Kikundi cha wanawake cha Southall Black Sisters kilimpigania, na mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu. Lakini tuangalie vema: hoja ya kughadhabishwa ilikataliwa. Kilichomwokoa ni ushahidi kwamba akili yake ilikuwa imeelemewa na maradhi ya huzuni. Ili sheria imhurumie, ilibidi aitwe mgonjwa.

Bunge lilitunga sheria mpya mwaka 2009, ikaanza kutumika tarehe 4 Oktoba 2010. Utetezi wa zamani ulifutwa. Sasa si lazima kushindwa kujizuia kuwe kwa ghafla. Hofu ya kufanyiwa ukatili mkubwa inahesabiwa. Mwenye kulipiza kisasi kwa makusudi hana kinga. Na uzinzi peke yake haukubaliwi kuwa sababu. Hata hivyo Tume ya Sheria ilikuwa imependekeza mwaka 2006 kwamba sharti lenyewe la kushindwa kujizuia liondolewe, na Bunge likalibakiza. Hivyo mwanamke aliyeua kwa hofu, kichwa chake kikiwa kimetulia, bado yumo mashakani. Na mwaka 2012, katika kesi ya Clinton, Mahakama ya Rufani ilisema uzinzi waweza kutazamwa kama sehemu ya mazingira pale panapokuwa na sababu nyingine inayokubalika.

Nasi huku si watazamaji tu. Kanuni za Adhabu za Tanzania na Kenya zilichotwa katika sheria ya Kiingereza enzi za ukoloni, nazo zinazungumzia uchokozi wa ghafla, na pigo lililotolewa kabla ghadhabu haijapata muda wa kupoa. Waingereza wamelifuta neno hilo kwao. Sisi tungali nalo.