Kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: deni lililomlinda mama

Mkataba wenyewe ni karatasi moja. Juu limeandikwa jina la kijiji, chini pameachwa nafasi ya sahihi au alama ya dole gumba, na katikati kuna masharti machache: mkopaji atajenga banda kabla ya kukabidhiwa mtamba, atapanda matete, atamwogesha mnyama dawa ya kupe, hatamuuza wala kumchinja bila idhini, na ndama jike wa kwanza atamlea mpaka afike umri wa kukabidhiwa kwa jirani anayefuata kwenye orodha. Akishamtoa ndama huyo, deni limekwisha. Hakuna shilingi inayotajwa.

Kaya nyingi za Kagera, Tanga, Kilimanjaro na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini zimepitia karatasi ya namna hiyo, hasa kuanzia miaka ya 1980. Wanavijiji waliuita mpango huo kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, na jina likashika kuliko majina yote marefu ya miradi yaliyobandikwa kwenye milango ya magari ya wafadhili.

Wanaosimulia habari hii kwa kawaida huanzia Marekani, basi tupite huko kwa haraka. Dan West, mkulima wa Indiana na muumini wa Kanisa la Brethren, alikuwa Hispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe mwishoni mwa miaka ya 1930, akigawa maziwa ya unga. Maziwa yaliisha, wenye njaa wakabaki. Alirudi nyumbani na wazo la kuwapelekea wahitaji ng'ombe mzima, kwa sharti kwamba kila apokeaye amtoe ndama jike wa kwanza kwa mwenzake. Mwaka 1944 mitamba 17 walipakiwa melini kwenda Puerto Rico. Shirika lililozaliwa hapo, ambalo leo linaitwa Heifer International, lilianza kazi Tanzania miaka ya 1970.

Kwa wafugaji wa huku, hilo la kumpa mwenzio ng'ombe amtunze halikuwa jambo la kushangaza. Wasukuma wana kubilisa, ambapo mwenye kundi kubwa huwakabidhi jamaa na marafiki sehemu ya mifugo yake. Wagogo, Wachaga, Wamaasai na wengine wana taratibu zao zinazofanana na hiyo. Sababu zilikuwa za watu wazima wenye akili zao. Ugonjwa wa sotoka ulipopita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, aliyekuwa na ng'ombe wote katika zizi moja alikuwa hatarini kuamka hana kitu. Aliyewatawanya sehemu mbalimbali alikuwa na matumaini ya kubakiza wawili watatu wa kuanzia upya. Uvamizi, ukame na uhaba wa malisho vilidai busara ile ile. Tena ng'ombe aliye kwa rafiki haonekani kirahisi na mkusanya kodi, wala na mkwe anayesubiri kumaliziwa mahari.

Kilimanjaro jambo hilo lilikuwa na sura yake. Vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, ni vidogo, ng'ombe hawatoki kwenda machungani, wanaletewa majani ndani. Mwenye ng'ombe wengi kuliko majani aliwaweka kwa mtu aliyekuwa na nafasi na nguvu. Mtunzaji alipata maziwa na samadi ya kulisha migomba. Ndama walikuwa wa mwenye mali, na siku ya kuchinja mtunzaji alikuwa na fungu lake la nyama. Mikataba hiyo haikuandikwa popote. Iliishi vichwani mwa mashahidi, na mashahidi wakifa, watoto wa pande mbili waliirithi kesi.

Sasa mtazame mke wa mtunzaji. Ndiye aliyekata majani, akayafunga mzigo na kuyapandisha mlimani kichwani. Ndiye aliyezoa samadi. Mara nyingi ndiye aliyeamua maziwa ya jioni yaende kwa nani. Lakini ugomvi ulipofika kwa wazee, yeye hakuwa mdai wala mdaiwa. Ng'ombe alitoka kwa mwanamume akaenda kwa mwanamume, na ndama akarudi kwa mwanamume. Mtu angeweza kumhudumia ng'ombe mmoja miaka kumi na asiwe na neno la kusema juu yake.

Uhuru haukulibadilisha hilo mara moja. Miaka ya 1970 serikali ilielekeza nguvu kwenye mashirika ya umma, yaani ranchi za NARCO na mashamba ya maziwa ya DAFCO, huku viwanda vya maziwa mijini vikichanganya unga uliotoka nje ya nchi. Mwanamke wa kijijini hakuonekana kwenye mipango hiyo ila kama mnunuzi, akiwa na bahati ya kuishi karibu na duka.

Mageuzi yenyewe yalionekana vizuri zaidi Kagera, na huko inafaa tukae kidogo. Kibanja cha Mhaya hakiishi bila samadi. Migomba na kahawa vimesimama juu ya udongo uliotengenezwa na vizazi vya watu waliobeba nyasi na mbolea ya ng'ombe kuziweka mashinani. Kwa muda mrefu kaya zisizo na ng'ombe zilikuwa nyingi kuliko zenye ng'ombe, na mashamba yao yalionyesha. Kuanzia miaka ya 1980, kwa msaada wa Uholanzi, mkoa ulianza kuzalisha mitamba chotara, wengine wakitoka kwenye shamba la Kikulula huko Karagwe, na kuwakopesha wakulima wadogo. Karibu wakati huo huo, mwaka 1985, mradi mwingine wa Waholanzi ulianza Tanga, na kutokana na wakulima wake likakua soko la maziwa ambalo baadaye lilizaa kiwanda cha Tanga Fresh.

Masharti yalikuwa makali kuliko ya mkopo wa benki. Mafunzo kwanza, banda kwanza, matete yawe yameota. Ng'ombe chotara akilishwa vizuri anamaliza kilo 40 au zaidi za majani mabichi kwa siku, na maji kwa ndoo nyingi. Ukimfungia ndani, yote hayo lazima yaje kwa kichwa au kwa baiskeli. Kisha kuna ndigana kali, ugonjwa wa kupe ambao humuua mnyama wa kisasa ndani ya siku chache wakati zebu wa jirani bado anacheua. Na kuna bahati: akizaliwa dume, hesabu inaanza upya, na aliye wa tatu kwenye orodha anaweza kungoja miaka mitano au zaidi kabla zamu haijamfikia. Kamati za vijiji zililala na kuamka na malalamiko ya watu waliodhani jirani yao anamficha ndama.

Lakini kilichoufanya mpango wa Kagera uwe habari ya wanawake ni mambo mawili yaliyotokea nje ya banda.

La kwanza ni ugonjwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera. Katika miaka iliyofuata, vifo vya watu wazima viliacha vibanja vingi mikononi mwa wajane na mabibi wanaolea wajukuu.

La pili ni sheria. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliweka kwenye maandishi kwamba mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Watoto ndio watakaomtunza. Binti aliwekwa daraja la mwisho la warithi. Mwanamke mmoja wa Muleba aliyerithishwa shamba na baba yake kwa wosia aliliuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo, na jamaa wa kiume akaenda mahakamani kudai lirudi. Kesi hiyo, Ephrahim dhidi ya Pastory, ilifika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi ambayo mwanamume wa ukoo huo huo anaruhusiwa kuuza inapingana na haki zilizomo ndani ya Katiba. Hukumu hiyo inafundishwa mpaka leo katika vyuo vya sheria. Vijijini habari zake zilifika polepole, na kwingine hazikufika.

Ng'ombe wa mkopo alikuwa amesimama katikati ya hayo yote, na hapa ndipo ninapoona werevu wa karatasi ile ambao huenda hata walioiandika hawakuukusudia. Kwa mujibu wa mkataba, mtamba ambaye ndama wake hajatolewa bado ni mali ya mradi. Mkopaji ni mtunzaji. Mume akifariki, ndugu zake wanaweza kuhesabu migomba, mabati, baiskeli na redio, ila yule ng'ombe hahesabiki, kwa kuwa marehemu hakuwa mwenyewe. Kama jina la mke limo kwenye mkataba, utunzaji unaendelea naye. Deni, ambalo kwa maskini ni mzigo, hapo likawa ukuta.

Ukuta huo ulikuwa na mlango wazi, nao ni sharti la jina. Miradi mingi ya mwanzo ilimwandika mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya alikuwa mume. Mafunzo yalihudhuriwa na baba, ng'ombe akahudumiwa na mama ambaye hakufundishwa kitu. Baada ya kuona ng'ombe wanakufa kwa sababu aliyejua dalili za ugonjwa alikuwa safarini na aliyekuwepo nyumbani hakuzijua, wasimamizi walianza kudai wanandoa wote wawili wafundishwe, na baadaye wote wawili watie sahihi. Sababu iliyosukuma mabadiliko hayo, kwa maoni yangu, ilikuwa vifo vya mifugo kuliko huruma kwa wanawake. Matokeo yalikuwa mazuri vilevile.

Maziwa nayo yana siasa yake. Miongoni mwa Wanandi wa Kenya, maziwa ya jioni yalikuwa ya mama, na yale ya asubuhi, yaliyoanza kupelekwa kwenye ushirika na kulipwa fedha, yakawa ya baba. Ng'ombe alipoboreshwa na lita zikaongezeka, nyongeza ilienda asubuhi. Watu waliojisifu kuinua kipato cha kaya walisahau kuuliza ni mfuko upi ndani ya kaya ulioinuka.

Wanawake wa Nronga, kijiji cha Machame katika Wilaya ya Hai, walilishughulikia swali hilo kwa njia yao. Mwaka 1988 waliunda ushirika wa maziwa wa wanawake. Katika vituo vya aina hiyo kazi huanza alfajiri. Mama anafika na ndoo yenye mfuniko, mpokeaji anachota kidogo, anatumbukiza kipimo kuona kama yameongezwa maji, kisha anachanganya matone na spiriti kwenye kichupa na kukitikisa. Yakigandamana, ndoo inarudi nyumbani, na hakuna udugu. Yakiwa salama, lita zinaandikwa kwenye daftari mbele ya jina lake, na mwisho wa mwezi anayelipwa ni mwenye jina. Nronga walikwenda mbele zaidi na kupeleka maziwa kwa wanafunzi wa shule za jirani. Hakuna aliyewazuia waume kuleta ndoo. Kilichozuiliwa ni jina lao kuandikwa.

Kwingine wapangaji waliona kwamba ng'ombe mwenyewe ni mkubwa mno kwa maskini kabisa, wakageukia mbuzi. Mwaka huo huo wa 1988 mbuzi wa maziwa kutoka Norway waliletwa Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru, kwa kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Norway. Ethiopia, shirika la FARM-Africa lilianza kuwakopesha mbuzi wanawake maskini waliojiunga katika vikundi, wakilipa kwa watoto wa mbuzi na kuchangiana bima ya mnyama akifa. Uzoefu huo ukahamia Meru, Kenya, miaka ya 1990. Mbuzi ana sifa moja ambayo haiandikwi kwenye maandiko ya miradi: thamani yake ni ndogo kiasi kwamba wanaume hawamwoni. Akianza kutoa lita mbili tatu na watoto wake kugombewa na wanunuzi kutoka mjini, wanamwona.

Rwanda ilipita njia tofauti. Huko ng'ombe wa kupewa alikuwa kamba ya utumwa: katika ubuhake, aliyepokea ng'ombe alimtumikia bwana aliyempa. Mfalme (mwami) Mutara III Rudahigwa aliufuta mfumo huo mwaka 1954. Mwaka 2006 serikali ilianzisha Girinka, ng'ombe mmoja kwa kila kaya maskini, na ndama jike wa kwanza kwenda kwa jirani. Safari hii aliyepokea hana bwana wa kumtumikia. Anadaiwa na maskini mwenzake.

Tanzania ya leo inakopesha zaidi fedha. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa taratibu mpya. Vikundi vya akina mama huitumia kununua ng'ombe, na ina faida ya wazi: hakuna kusubiri zamu wala kuomba ndama awe jike. Ila ng'ombe aliyenunuliwa kwa fedha ni mali ya nyumba tangu siku anaposhushwa kwenye gari. Marejesho yana tarehe, azae asizae. Akifa kwa ndigana kali, deni linabaki pale pale. Na ndugu wa marehemu wakija kuhesabu mali, mjane hana karatasi ya mradi ya kuwaonyesha.